Nimepata nafasi ya kusoma uzamili Dar, mume kanyamaza na nyumba haijaezekwa

Shikamoo Bi. Mshauri,

Nimekuwa nikisoma safu hii kimyakimya kwa muda mrefu, na sikudhani ipo siku nami nitakuandikia. Nina miaka 37, naishi Morogoro na mume wangu na watoto wetu wawili. Mkubwa yuko darasa la sita, mwakani atafanya mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Mdogo ana miaka mitatu. Nilipata digrii ya uhasibu mwaka 2012, na huu ni mwaka wa 11 nikiwa mhasibu wa kampuni moja binafsi hapahapa mjini.

Miaka sita iliyopita aliletwa kwetu binti mmoja kufanya mafunzo kwa vitendo. Mimi ndiye niliyempokea. Nilimfundisha kupanga vocha, kulinganisha vitabu vyetu na taarifa ya benki, kufunga hesabu za mwezi na kujaza ritani za kodi. Kuna siku nilimnunulia chakula cha mchana kwa sababu posho ilikuwa imemwishia. Baadaye akaajiriwa. Akasoma uzamili Dar wikiendi, CPA, ile mitihani ya bodi ya wahasibu, nayo akaimaliza, na Februari mwaka huu ametangazwa kuwa mkuu wa kitengo chetu. Sasa kazi yangu nampelekea yeye aipitie na kutia saini. Hana kiburi hata kidogo. Bado ananiita dada, na nafikiri hilo ndilo linaloniumiza zaidi. Siku ya kwanza aliponirudishia faili lenye alama za kalamu nyekundu nilikwenda chooni nikalia.

Mwezi uliofuata, kwenye kikao cha wafanyakazi, meneja alisema kampuni inakua na wenye digrii moja wajiangalie. Wenzangu walicheka, mimi sikucheka. Wiki hiyohiyo niliomba nafasi kwenye chuo kilekile alichosoma yule binti, na nimekubaliwa. Masomo ni Ijumaa jioni na Jumamosi kutwa, kwa miaka miwili. Ada ni shilingi 6,400,000 kwa awamu nne. Awamu ya kwanza, 1,600,000, inatakiwa ndani ya wiki tatu, la sivyo nafasi inapotea.

Mshahara wangu wa msingi ni 1,600,000. Ukitoa NSSF, kodi na makato ya Bodi ya Mikopo ambayo bado sijamaliza, mkononi inabaki kama 940,000. Mume wangu ana gereji ndogo. Kuna mwezi analeta kuliko mimi, kuna mwezi haleti kitu. Tuna boma letu Kihonda, limefika lenta tangu mwaka juzi na mvua mbili zimeshalinyeshea. Kikoba chetu kinavunjwa mwezi huu na nitapata 2,100,000. Tulikuwa tumekubaliana hiyo ni hela ya mbao na mabati. Sasa nataka niitoe nilipie ada.

Safari si tatizo kubwa. Treni ya umeme nauli yake ni 13,000 kwenda, na kurudi hivyohivyo. Nitalala kwa dada yangu Tabata. Ijumaa itabidi nitoke kazini saa 7 mchana. Mdogo atabaki na baba yake na binti wa kazi.

Nilipomweleza mume wangu alisema, "Kama unaona inafaa, nenda." Basi. Ni wiki mbili sasa hajalitaja tena. Yeye aliishia kidato cha nne, na naogopa anawaza kwamba nikisoma zaidi nitamdharau. Mama mkwe ameuliza mbele ya watu, mwanamke wa umri huu anarudi shule kutafuta nini. Shoga yangu naye ananiambia nikichelewa nitafika 40 na mlango utakuwa umefungwa.

Bi. Mshauri, niende au nisiende?

Mama wa Wawili, Morogoro

*

Marahaba, mwanangu.

Nimeisoma barua yako mara tatu. Mara ya kwanza nilikwama pale chooni, kwa sababu najua kulia kwa namna hiyo: unafungua bomba ili wenzako wasisikie, unanawa, unarudi mezani kama mtu aliyepokea simu ndefu. Pole sana. Ulimshika mkono mtoto wa watu, ukamlisha, ukamfundisha kazi, leo yeye ndiye anayekutilia saini. Kuumia hakukufanyi uwe na husuda. Ungekuwa na husuda usingeniandikia kwamba hana kiburi.

Mara ya pili nilisoma nikiwa na kalamu. Barua yako ina hesabu safi, kama ilivyo desturi kwa mhasibu. Umetaja ada na awamu zake, nauli ya treni, hela ya kikoba, mshahara, hata lenta. Kitu kimoja hukukitaja popote. Hukuniambia unakwenda kusoma nini.

Nimerudi kukitafuta mara ya tatu nikidhani nimepitiwa. Hakimo. Ni uzamili wa uhasibu? Wa fedha? Wa utawala wa biashara? Tumejua binti alisoma wapi, nawe umeomba hapohapo, lakini somo lenyewe halina jina. Inawezekana ni haraka tu ya kuandika. Inawezekana pia kwamba unachokitaka kwa sasa ni lile faili lisirudi na kalamu nyekundu, na uzamili ndio mlango wa kwanza ulioonekana uko wazi. Sikusemei moyo wako, wewe ndiye uliye ndani yake. Ila swali hili ningependa ukae nalo kabla ya maswali yote ya fedha, kwa sababu mtu anaweza kuvumilia miaka miwili ya Ijumaa na Jumamosi kwa ajili ya jambo analolitaka. Kwa ajili ya jambo analolikimbia, mara nyingi pumzi humwishia njiani.

Hebu turudi kwa yule binti. Umeandika, kwa maneno machache sana, kwamba CPA nayo aliimaliza. Kisha ukaendelea na uzamili kana kwamba ndio uliompandisha. Una uhakika? Kwenye kampuni binafsi, mkuu wa kitengo cha uhasibu mara nyingi hutakiwa awe amesajiliwa na Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, NBAA. Huenda kilichomvusha ni CPA. Huenda ni vyote viwili, au ni namna anavyozungumza na wakaguzi wa nje wanapokuja. Wewe uko ndani ya jengo hilo, mimi siko. Tazama watu watatu wa mwisho waliopanda ngazi pale kwenu, na si wa kitengo chako tu. Walikuwa na nini siku walipopanda?

Na yule meneja aliyesema wenye digrii moja wajiangalie alisema kwenye kikao, watu wakacheka. Hiyo si sera ya kampuni. Mwendee ofisini siku ya utulivu, umwambie una nia ya kujiendeleza, na umuulize nafasi inayofuata juu yako inataka sifa gani. Ukitoka mwandikie ujumbe mfupi wa kumshukuru na kurudia alichosema, ili kibaki kwenye maandishi. Muulize pia kuhusu Ijumaa saa 7 mchana. Umeiandika kama jambo lililokwisha, lakini sikuona aliyekuruhusu. Ijumaa za miaka miwili ni nyingi, na baadhi zitaangukia kwenye kufunga mwezi, nyingine kwenye ukaguzi. Sijui huyo mkuu wako mpya atafanya nini Ijumaa ya namna hiyo. Pengine yeye ndiye wa kwanza kumuuliza, maana amepita njia hiyohiyo akiwa ofisi hiyohiyo. Najua kumwendea kutakuuma. Lakini hakuna mtu Morogoro nzima mwenye majibu unayoyahitaji kuliko yeye, na bado anakuita dada.

Sasa fedha. Mimi si mhasibu, kwa hiyo nisahihishe nikikosea. Ada ni 6,400,000. Tukikadiria Jumamosi 30 za darasani kwa mwaka wa kwanza peke yake, kwa 26,000 kwenda na kurudi, ni 780,000. Hapo hujala, hujapanda bodaboda kutoka stesheni, hujachapisha kazi hata moja. Tayari tuko kwenye 7,180,000. Tuseme cheo kipya kitakuongezea laki tatu mkononi kila mwezi: ni karibu miezi 24 ya kuirudisha fedha hiyo, na hesabu inaanza siku ya kupandishwa cheo, ambayo haiko kwenye barua ya chuo. Sisemi elimu ipimwe kwa shilingi peke yake. Wapo wanaosoma kwa sababu akili yao ina njaa, na hao laki tatu si kipimo chao. Kama wewe ni mmoja wao, barua yako imelificha hilo vizuri, na ningefurahi kulisikia.

Kuna mstari mmoja umeupita haraka. Bodi ya Mikopo hukata asilimia 15 ya mshahara wa msingi, kwa hiyo kwako ni 240,000 kila mwezi. Umeomba taarifa ya deni lako hivi karibuni? Ukiwa umekatwa miaka yote hii, huenda limebaki kidogo. Deni likiisha, 240,000 hiyo inarudi mkononi mwako bila cheo wala kikao, na ndani ya miezi 24 inafika 5,760,000, karibu ada nzima. Na kama limebaki kubwa, ni vizuri ulijue kabla hujabeba mzigo mwingine.

Ngoja nikueleze kilichonipata mimi, maana ndicho ninachokiogopa kwa ajili yako kuliko ada. Nilisoma uzamili nikiwa kazini, nina watoto watatu. Mwaka wa kwanza ulikuwa mtamu, sitakuficha. Kulikuwa na ratiba, kulikuwa na wenzangu wa kunywa nao chai, kulikuwa na mitihani ya kukuamsha usiku. Kisha madarasa yakaisha, ikabaki tasnifu. Hapo kengele ya darasa hailii tena. Unarudi nyumbani peke yako na karatasi zako. Unampelekea msimamizi sura ya kwanza, anakaa nayo miezi, anairudisha na maelezo ambayo huyaelewi, na wewe kwa wakati huo mtoto ana homa na kazini ni mwisho wa mwaka. Sura yangu ya pili ilikaa chini ya kitanda mwaka na miezi minne. Kila nilipofagia niliiona. Miaka miwili niliyoahidiwa ikawa mitano, na ada ya kuongeza muda nililipa. Nilimaliza, na siku ya joho nililia kwa furaha. Lakini katika wale niliokunywa nao chai, wapo ambao hadi leo wamemaliza madarasa yote na hawana shahada mkononi. Hawakushindwa kwa kukosa akili.

Kwa hiyo ukipiga simu chuoni usiulize ada tu. Uliza wastani wa muda ambao wanafunzi wa wikiendi humaliza, nani humgawia mwanafunzi msimamizi, na kama kuna njia ya mitihani na kazi ndogo badala ya tasnifu nzito. Uliza pia kama nafasi yako inaweza kuahirishwa hadi mwaka ujao wa masomo. Vyuo vingi huruhusu ukiomba kwa barua, na neno "inapotea" lingepungua makali. Tafuta aliyemaliza na tafuta aliyekwama. Huyu wa pili atakufundisha zaidi.

Na kwa nini Dar? Chuo Kikuu Mzumbe kiko hapo kwenu, barabara ya Iringa. Umekwenda kuuliza wana programu gani kwa watu walio kazini? Chuo Kikuu Huria, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 kwa ajili ya watu kama wewe, kina kituo Morogoro, unasoma ukiwa nyumbani kwako. Wana shida yao pia: hakuna anayekusukuma, na mtu asiyejisukuma mwenyewe huko miaka humpita. Kama wewe ni mtu wa kusoma vizuri ukiwa na wenzako, treni ya Ijumaa inaweza kuwa nafuu kuliko upweke wa sebuleni. Hilo unalijua kwa kujikumbuka ulivyokuwa chuoni zamani.

Njia ya CPA nayo iweke mezani. Mwenye digrii ya uhasibu haanzii chini kabisa, huanzia ngazi ya kati. Mitihani iko Mei na Novemba, unaweza kujiandikisha masomo machache kwa awamu, na maandalizi unayafanya hapohapo Morogoro. Hatari yake ni kwamba ni migumu, watu hurudia, na kurudia ukiwa karibu na miaka 40 huku ofisi nzima inajua matokeo yako kunahitaji moyo. Wala haifungui kila mlango. Ukitamani siku moja kufundisha chuo kikuu, au kuhamia nafasi za uongozi nje ya uhasibu, uzamili unakupa kitu ambacho CPA haikupi. Unaona tunavyorudi palepale: unataka kwenda wapi?

Nije kwa mume wako. Umekisoma kimya chake kama hofu ya kudharauliwa. Yawezekana. Lakini mimi nikisoma barua hiyohiyo naona boma lililonyeshewa mvua mbili, na mwanaume ambaye kila akipita Kihonda analiona. Hela ya mabati mlikubaliana wawili. Ulipomwambia kuhusu chuo, ulimwambia pia kwamba hela inatoka pale? Kama hukumwambia na ameshahisi, kimya chake kina maana nyingine kabisa. Na kama amekubali kweli ila hana maneno mengi, wapo wanaume wa hivyo, nao si wabaya. Usimuulize usiku akiwa amechoka na grisi mikononi. Mpate Jumapili, kaeni na karatasi, andikeni pamoja: bati lini, ada kutoka wapi, Jumamosi nani anampeleka mdogo kliniki, mwakani nani anakaa na mkubwa kwenye hesabu na Kiingereza wakati mama yuko Tabata. Mwache naye ashike kalamu. Mama mkwe atapata jibu lake kwa mwanawe, si kwako.

Na hiyo 40 ya shoga yako isikutishe. Ukianza sasa na mambo yakaenda sawa utamaliza ukikaribia 40, na umri wa kustaafu kwa lazima ni 60. Ukisubiri mwaka mmoja hadi mkubwa amalize darasa la saba na bati lipande, bado una muda mrefu wa kuitumia shahada hiyo. Ila nisikudanganye kuhusu kusubiri: nguvu uliyonayo leo imetokana na kidonda kibichi. Kikipona huenda nia nayo ikapungua, na ukabaki unajiuliza ingekuwaje. Wapo waliosubiri wakafanya vizuri, na wapo ambao ule mwaka mmoja haukuisha hadi leo.

Umeniuliza uende au usiende. Nimelizunguka swali lako kwa makusudi, kwa sababu siamini kwamba mimi niliye mbali napaswa kuamua juu ya bati lako na Ijumaa zako. Ila una wiki tatu, na ndani yake mna Jumamosi tatu. Zitumie. Jumamosi hii toka nyumbani alfajiri kama unayewahi treni. Nenda maktaba ya mkoa na kitabu cha somo unalokusudia, usome kutwa, urudi jioni. Usipige simu kuuliza mtoto amekula nini. Fanya hivyo mara tatu. Utaona nyumba inasimamaje bila wewe, mume wako anakupokeaje mlangoni, na ikifika saa 8 mchana macho yako bado yanataka ukurasa unaofuata au yanatafuta saa.

Halafu niandikie tena, mwanangu, hata kama umeshaamua. Barua hiyo ianze na jina la somo.

Bi. Mshauri